Treni za Mfano za Zamani Zinazopatikana Mitumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili ya watu wa Nakuru, Kisumu, Kitale, Kakamega na miji jirani wanaokuta injini ndogo, mabehewa au vipande vya reli katika marobota ya vitu vya kuchezea, katika mauzo ya vyombo vya nyumba za zamani, au kwenye lundo la mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Kuna agizo moja linalotangulia majibu yote: usiisafishe treni uliyoipata, usiipake rangi, na usiiunganishe na umeme mpaka uwe umeitambua. Madhara mengi tunayoyaona hutokea katika saa chache za kwanza baada ya ununuzi, na mengi yake hayarekebishiki.

Treni hizi zilifikaje huku kwetu?

Zilifika kwa njia mbili, na kuzijua kunasaidia utambuzi. Njia ya kwanza ni mitumba ya miaka ya karibuni, ambamo vitu vya kuchezea kutoka Ulaya na Marekani huja vimechanganywa ovyo. Hapo aghalabu utakuta treni za plastiki za miaka ya 1970 na kuendelea, bila boksi na mara nyingi bila reli zake. Njia ya pili ni ya zamani zaidi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence, Desemba 1901. Familia za maofisa wa reli, wamisionari na walowezi wa Njoro, Molo na Kitale ziliwanunulia watoto wao vitu vya kuchezea vya kwao, na wengi wao walipoondoka katika miaka ya kuelekea na kufuatia uhuru, vyombo vingi vya nyumbani vilibaki. Kwa hiyo injini ya bati iliyotoka kwenye stoo ya nyumba ya shamba inastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi kuliko ile iliyofunguliwa kwenye robota Jumapili iliyopita sokoni Kibuye, ingawa hii ya pili pia haifai kudharauliwa.

Nianze wapi kuitambua?

Anza na rula. Upana wa reli, yaani nafasi iliyopo kati ya nyuso za ndani za reli mbili za nje, ndio utakaokuambia treni yako ni ya ukoo gani. Reli ya milimita 45 huitwa namba 1. Ya milimita 32 huitwa O. Ya milimita 22.5 huitwa S. Ya milimita 16.5 hutumiwa na H0 na OO. Ya milimita 12 huitwa TT. Ya milimita 9 huitwa N. Na ya milimita 6.5 huitwa Z. Kama hukupata reli, pima nafasi ya ndani kati ya magurudumu mawili yaliyo kwenye ekseli moja, ukikumbuka kwamba kipimo hicho huwa pungufu kidogo: takriban milimita 14 kwa treni ya reli ya 16.5, na takriban 28 kwa treni ya reli ya 32.

Wengi hukwama kwenye H0 na OO, kwa sababu zote mbili hupita juu ya reli ile ile. Tofauti iko kwenye mwili wa treni. H0 ni uwiano wa 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi, na ndiyo iliyotumika Ujerumani, Ufaransa, Italia na Marekani. OO ni 1:76, na ni ya Uingereza. Injini halisi za Waingereza ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na mota za miaka ya 1930 hazikuweza kuingia ndani ya mwili uliopunguzwa hadi 1:87, kwa hiyo watengenezaji waliukuza mwili na kuiacha reli ilivyokuwa. Tafuta mlango wa behewa uupime: mlango ambao kwa uhalisi una urefu wa mita mbili utakuwa na milimita 23 kwenye H0 na milimita 26 kwenye OO.

Baada ya hapo, hesabu reli. Reli tatu za bati za upana wa milimita 32 zinaweza kuwa za Hornby ya Uingereza, za Lionel ya Marekani au za viwanda vya Ujerumani. Reli tatu za upana wa milimita 16.5 huelekeza kwenye Hornby Dublo ya zamani, kwenye Märklin ya mwanzo, au kwenye Trix. Ukiona reli mbili juu ya kitako cha bati chenye vijiti vidogo vya chuma vilivyojipanga katikati, vikitokeza kwenye mataruma, unayo Märklin ya miaka ya 1950 au baadaye.

Maandishi na nembo zinaniambia nini?

Geuza injini chali juu ya kitambaa laini na usome kila kitu, hata herufi zilizofifia. Kwa Kenya, jina linalokutwa zaidi ni Hornby, na historia yake hutusaidia kukadiria miaka. Frank Hornby wa Liverpool, ambaye tayari alikuwa maarufu kwa Meccano, seti za vipande vya chuma vya watoto kujengea, alianza kuuza treni za springi za reli ya O mwaka 1920. Hornby Dublo, ya OO, ilitoka mwaka 1938. Mwaka 1964 kampuni ya Meccano ilichukuliwa na Lines Bros, wenye jina la Tri-ang, na kuanzia 1965 mabokisi yakaandikwa Tri-ang Hornby. Kutoka 1972 jina likawa Hornby Railways. Kwa hiyo maandishi "Meccano Ltd, Liverpool", "Tri-ang Hornby" na "Hornby Railways" ni vipindi vitatu tofauti, na kwa kawaida thamani hushuka kadiri unavyokwenda mbele.

Majina mengine ya kuyatambua ni Märklin ya Göppingen, iliyoanza 1859 na ambayo mwaka 1891 ilionyesha mjini Leipzig treni zenye upana wa reli uliopangwa kwa viwango. Bing ya Nürnberg, ambayo haikuvuka mwanzo wa miaka ya 1930. Bassett-Lowke ya Northampton. Lionel, iliyoanzishwa New York mwaka 1900. Fleischmann na Trix za Nürnberg. Rivarossi na Lima za Italia. Na Jouef ya Ufaransa. Katika orodha hii, Lima na Jouef zilitengenezwa kwa wingi na kwa bei nafuu, nazo mara nyingi huwa na thamani ndogo. Bing na Bassett-Lowke ni habari nyingine kabisa, na ukizikuta usikubali bei ya kwanza unayotajiwa.

Ubavuni kuna namba 46201. Je, hiyo ndiyo namba ya modeli?

Sivyo. Hiyo ni namba ya injini halisi iliyoigwa, ambayo kwa mfano huu ni Princess Elizabeth ya Uingereza, na zaidi ya kiwanda kimoja kimeitengeneza kwa miaka mingi. Namba ya modeli huwa kwenye boksi au chini ya chesi, yaani fremu inayobeba mwili na magurudumu. Kwa Tri-ang na Hornby za baadaye huanza na herufi R. Ukitafuta bei kwa kutumia namba ya ubavuni pekee, utapata matokeo ya vitu visivyofanana hata kidogo.

Hata hivyo, rangi na nembo za ubavuni zina faida yake. Herufi LMS, LNER, GWR na SR ni za makampuni manne ya reli yaliyokuwepo Uingereza kati ya 1923 na mwisho wa 1947. Shirika la British Railways lilianza tarehe 1 Januari 1948, kwa hiyo treni yenye nembo yake haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Vivyo hivyo, nembo ya mishale miwili ya British Rail ni ya 1965, na herufi DB za Ujerumani Magharibi ni za 1949 na kuendelea. Kanuni hii hufanya kazi upande mmoja tu: hukuambia kitu hakiwezi kuwa cha zamani kuliko wakati fulani, wala si kwamba ni cha wakati huo, kwa kuwa hadi leo viwanda hutengeneza injini zenye rangi za miaka ya 1930.

Boksi limechakaa. Je, lina maana yoyote?

Lina maana kubwa, na tunasikitika kila tunaposikia limetupwa ili kupunguza mzigo kwenye boda boda. Boksi la asili, hata lenye pembe zilizopasuka, linaweza kuongeza thamani ya injini kwa kiwango kikubwa, na katika baadhi ya mabehewa madogo boksi hupatikana kwa shida kuliko behewa lenyewe. Pia ni ushahidi wa tarehe. Bei iliyoandikwa kwa shilingi na peni, kwa mfano 12/6, inatangulia Februari 1971, Uingereza ilipobadili mfumo wa fedha. Anwani ya Ujerumani Magharibi yenye tarakimu nne kabla ya jina la mji ni ya kati ya mwanzo wa miaka ya 1960 na 1993, na anwani ya Marekani yenye tarakimu tano ni ya 1963 au baadaye. Maneno "US Zone Germany" huonyesha miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na maneno "Western Germany" yanaonyesha kipindi cha nchi iliyogawanyika. Hifadhi pia vijitabu, risiti na hata kibandiko cha duka; kibandiko cha duka la Nairobi au Nakuru ni sehemu ya historia ya kitu hicho.

Magurudumu yamevimba na chesi ina nyufa kama udongo uliokauka. Ni kutu?

Si kutu ya kawaida, na hili ndilo swali ambalo tungependa kila mnunuzi aulize kabla ya kutoa pesa. Sehemu nyingi za treni za kabla ya vita zilimiminwa kwa aloi ya zinki. Pale ambapo kiwanda kilitumia zinki iliyochafuliwa na risasi au madini mengine, hata kwa kiasi kidogo mno, chuma huliwa polepole kutoka ndani, kwenye mipaka ya punje zake. Kinavimba, kinapinda, kinapasuka, na mwishowe kinamomonyoka mkononi. Joto na unyevu huharakisha jambo hili, na hewa ya Kisumu ina vyote viwili.

Hakuna dawa inayolirudisha nyuma. Gundi na rangi huficha nyufa, na mtu anayekuuzia kitu kilichofichwa hivyo anakudhulumu. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hauambukizi kutoka chombo kimoja hadi kingine, na kwamba magurudumu mapya ya badala hutengenezwa hadi leo kwa modeli nyingi zinazopendwa, kwa hiyo injini ya Hornby ya bati yenye magurudumu yaliyooza bado inaweza kuokolewa. Chesi au mwili uliooza ni hasara kubwa zaidi. Ukikagua, weka injini juu ya kioo au meza iliyonyooka kabisa na utazame kwa usawa wa macho: chesi iliyojipinda kama upinde, hata bila ufa unaoonekana, imeshaanza safari hiyo. Unga mweupe na malengelenge chini ya rangi ni dalili nyingine.

Naweza kuiwasha nione kama inafanya kazi?

Kwa treni ya springi, zungusha ufunguo mara chache tu, usiujaze, na uhisi kama springi inashika. Springi iliyokatika hupiga kelele ya kukwaruza na haishiki kabisa.

Kwa treni ya umeme, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu umeme wetu ni wa volti 240. Transfoma ya Lionel au American Flyer ilitengenezwa kwa volti 120 za Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani itaungua, na inaweza kuwasha moto. Transfoma yoyote ya zamani yenye waya uliofunikwa kwa kitambaa au mpira uliokauka isiguswe na soketi kamwe. Iweke kando kama sehemu ya seti, kwani bado ina thamani kwa mkusanyaji, lakini usiitumie.

Pia mifumo hailingani. Hornby Dublo, Tri-ang na nyingi za OO hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu (DC). Märklin ya zamani na Lionel hutumia mkondo geu (AC), na Märklin hubadili mwelekeo kwa mshtuko wa volti 24. Injini ya Tri-ang ikiwekwa kwenye transfoma ya Märklin haitakwenda. Itanguruma papo hapo na kuunguza mota. Fundi wa redio anaweza kukupimia kama mota haijakatika waya bila kuiwasha, lakini mwombe asichomoe rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, kutoka kwenye sumaku yake, maana sumaku za zamani, hasa za Hornby Dublo, hupungua nguvu rota ikitolewa bila kipande cha chuma kuwekwa mahali pake.

Niisafishe kabla ya kuiuza?

Pangusa vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi, ukome hapo. Petroli, thina na sabuni kali huondoa maandishi ya kubandikwa na kuyeyusha plastiki. Wanunuzi makini wako tayari kulipia rangi ya asili iliyochubuka kuliko rangi mpya inayong'aa, na treni iliyopakwa upya mara nyingi hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kumbuka pia kwamba rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo treni ya bati ya kabla ya miaka ya 1970 si ya kumpa mtoto mdogo anayetia vitu mdomoni.

Ni nini hasa kinachoamua thamani?

Umri peke yake haufanyi kitu kuwa cha thamani, na hapa ndipo wauzaji wengi wa kwetu hukosea. Märklin iliuza injini yake ndogo ya namba 3000 kwa wingi mkubwa kiasi kwamba ingawa ina miongo mingi, bado ni rahisi kuipata. Kwa upande mwingine, ile ya umeme yenye umbo refu lililogawanyika, iitwayo Mamba, ambayo Märklin iliitoa mwaka 1947 kwa namba CCS 800, hutafutwa sana. Vivyo hivyo kwa Princess Elizabeth ya Hornby ya reli ya O ya mwaka 1937, na kwa seti ya Lionel ya 1957 yenye injini ya waridi iliyokusudiwa wasichana, ambayo haikununuliwa sana wakati wake na kwa sababu hiyo ni adimu leo.

Tazama kwanza uadimu wa modeli na rangi yake mahususi, kisha hali yake, kisha ukamilifu. Injini ya makaa isiyo na tenda yake, yaani kibehewa cha makaa na maji kinachoifuata, ni nusu ya kitu. Kulabu zilizobadilishwa, bomba la moshi lililovunjika, taa iliyopotea, ufunguo wa aina nyingine, yote hayo hupunguza bei, ingawa vipande hivyo hivyo vikipatikana peke yake chini ya robota vina wateja wao. Ndiyo maana tunashauri kununua lundo zima, pamoja na skrubu na takataka zake, badala ya kuchagua injini tu.

Nitapataje bei ya haki?

Usitazame bei ambazo watu wanaomba mtandaoni. Tazama bei ambazo vitu vimeuzwa. Kwenye eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, na nyumba za minada ya vitu vya kuchezea, kama Vectis ya Uingereza, huonyesha matokeo ya minada yao. Tafuta mifano kadhaa ya modeli ile ile, yenye hali inayofanana na yako na boksi au bila boksi kama yako, halafu uondoe ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kinachobaki ni bei ya Uingereza au Ujerumani, si ya Nakuru. Kutoka humo toa ada ya mnada au ya tovuti, usafirishaji, na tofauti ya kubadilisha fedha. Kwa injini ya kawaida ya plastiki, mara nyingi hakuna kinachobaki baada ya posta, na ni afadhali kumuuzia mpenzi wa treni aliye hapa nchini. Kwa injini adimu, gharama hizo ni ndogo zikilinganishwa na bei.

Ukiwa mnunuzi, na mwenye kitu ni mama wa mtumba asiyejua alichonacho, mwambie. Kumlipa bei ya chuma chakavu kwa kitu unachokijua ni kumwibia kwa maarifa, na soko la aina hii hukua pale tu wauzaji wanapoona faida ya kutenga vitu badala ya kuvipeleka kwa mizani.

Ninawezaje kugundua kitu bandia au kilichofanyiwa ukarabati?

Angalia ndani ya mifuo ya skrubu: rangi iliyojaa humo inaonyesha kwamba ilipakwa baada ya injini kuunganishwa. Angalia rangi iliyonyunyizwa hadi kwenye ekseli, maandishi yenye ukungu pembeni, na uzito usiolingana na wa mfano unaojulikana. Kwa mabokisi, tumia taa ya kukagulia noti bandia ambayo maduka mengi wanayo. Karatasi za kabla ya vita hazikuwa na kemikali za kung'arisha, kwa hiyo boksi linalodaiwa kuwa la 1938 likiwaka kwa weupe wa samawati chini ya taa hiyo lichukuliwe kuwa nakala.

Nimepata injini yenye herufi EAR. Je, ni ya kiwandani?

Viwanda vikubwa vilivyotajwa hapa viliiga zaidi reli za nchi zao na za wateja wao wakubwa, kwa hiyo herufi za reli ya Afrika Mashariki zinapaswa kukufanya ufikirie kwanza kazi ya mikono. Pima tena: reli yetu ya zamani ni ya mita moja, ambayo kwa uwiano wa 1:87 hutoa upana wa takriban milimita 12. Fundi aliyejua kazi yake angezingatia hilo. Linganisha na picha za injini halisi, kwa mfano zile injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester kuanzia 1955 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja yao, Mount Gelai, imo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Modeli ya mikono haina bei kwenye orodha yoyote, lakini inaweza kuwa na uzito wa kihistoria kupita injini ya kiwandani, hasa ikiwa aliyeitengeneza alikuwa mfanyakazi wa karakana za reli. Andika chini jina la familia ilikotoka na maelezo yao wakati bado wanakumbuka, na uwasiliane na makumbusho kabla ya kuiuza nje ya nchi.

Lakini ukiletewa kibao cha shaba, taa ya ishara au kengele kutoka kwenye treni halisi, hilo ni jambo tofauti: inaweza kuwa mali ya shirika la reli iliyoibwa. Usinunue bila hati.

Niihifadhi na kuisafirisha vipi?

Iweke mahali pakavu, mbali na jua na juu kutoka sakafuni, kwa sababu mchwa humaliza boksi kabla hujagundua. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya mabokisi ya viatu vipya vinafaa kuwekwa pamoja nayo. Usiifunge kwa gazeti, ambalo wino wake huhamia kwenye rangi, wala kwa plastiki yenye mapovu ikigusa mwili moja kwa moja, kwani baada ya muda huacha alama za duara kwenye rangi. Tumia karatasi nyeupe isiyo na maandishi kwanza, kisha plastiki ya mapovu nje. Kwa safari, tenganisha injini na tenda, funga kila kimoja peke yake, jaza nafasi zote ili hakuna kinachotikisika, na uweke boksi la asili likiwa limelazwa wazi kando yake, si kufunikwa juu ya injini, kwa sababu injini nzito ya chuma ikianguka ndani ya boksi la kadi hulipasua pande zote nne.